Teja naye ana haki ya dawa?

Baada ya sala ya Ijumaa mjini Nachingwea, mzee mmoja aliniuliza: "Ustaadh, kijana aliyejidunga unga kwa mkono wake akapata ukimwi, kwa nini atibiwe kwa fedha za umma?" Baadaye nikajua alikuwa akimsema mjukuu wake, aliyeko Ruangwa.

Ndugu msomaji, dawa za kupunguza makali ya virusi zinatolewa bure nchini tangu 2004. Kinachomzuia teja si bei. Akifika kliniki na makovu mikononi, anatazamwa kama mwizi. Akiamka na arosto, hawazi kidonge, anawaza kete. Methadoni ndiyo inayoituliza arosto hiyo, nayo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Muhimbili ilianza kuitoa 2011, na baadhi ya mikoa ikafuata. Lakini dozi ya kila siku ni ya mtu aliye jirani na kituo. Kijana wa Ruangwa nauli ya kila asubuhi ataitoa wapi?

Wapo wasemao huko ni kumtoa mtu kwenye ulevi na kumtia kwenye mwingine. Nami niliwahi kusema hivyo. Lakini methadoni haina sindano, na sindano ya kuchangia ndiyo inayovifikisha virusi hadi kwa mke asiyeujua hata unga wenyewe.

Mlevi aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara kwa mara aliadhibiwa, naam. Ila alipolaaniwa na mmoja wa waliokuwepo, Mtume alikataza, akasema mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Sasa kumnyima mgonjwa dawa ni adhabu aliyoihukumu nani?

Mzee yule siku hizi humsindikiza mjukuu wake kliniki. Msikitini, bado wapo wanaomhamia safu.