Tusiikimbie jamaa ya aliyejiua

Mtu akifa kwa ugonjwa, majirani hufika upesi. Wanawake huleta maji na kuni, wanaume huwasha moto na kukesha, waimbaji huimba mpaka asubuhi. Lakini ikisikika kwamba marehemu alijiua, njia ya nyumba ile huota majani. Wengine hunong'ona: kuna laana, mkewe alimtendea nini? Tujiulize basi, ndugu wasomaji: je, ni haki kumwachia mjane mzigo huo peke yake?

Uhai ni mali ya Mungu. Sisi ni walinzi wake tu. Kujiua ni jambo zito, wala hatulipunguzi. Lakini tendo ni jambo moja, na hatia ya mtendaji ni jambo lingine. Ugonjwa wa akili, hofu kuu na mateso makali hupunguza uhuru wa mtu. Ndivyo inavyofundisha Katekismu ya mwaka 1992, tena yatuambia tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kikristu waliojiua kwa makusudi. Ile ya mwaka 1983 haiwataji tena. Nani kati yetu atakuwa mkali kuliko Eklezya?

Wala hii si laana ya ukoo mmoja: ulimwenguni watu zaidi ya 700,000 hufa hivi kila mwaka.

Mfiwa wa namna hii ana vilio viwili. Anamlilia mtu wake, tena anajishitaki mwenyewe: "Mbona sikuona?" Tukimwongezea aibu, naye aweza kuzama katika giza lile lile. Kwa hiyo kumtembelea ni kumlinda. Tufike, tukae naye, tumtaje marehemu kwa jina lake, tumwombee misa. Tusichunguze alikufaje. Na matanga yakiisha, watu wakitawanyika, turudi tena.

Na yule aliye hai bado? Akisema amechoka na maisha, akijitenga, akigawa vitu vyake, tusimcheke wala tusimkaripie. Tumwulize wazi kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Sivyo, humfungua kinywa. Tusimwache peke yake, tumwondolee vitu vya hatari, tumpeleke hospitali kwa daktari.

Hukumu ni ya Mungu. Sisi tumepewa kazi ya kukaa na wenye kulia.