Fimbo Isiyovumilia Pupa

Fimbo ya gofu yenye mpini wa mti haimtii mwenye pupa. Mpini wa hikori, mti wa Marekani ambao mafundi wa Uskoti waliupenda kwa ugumu na unyumbufu wake, hujisokota kidogo mchezaji anapokaza nguvu, kichwa cha chuma kikachelewa nyuma ya mikono na mpira ukaenda kombo. Kwa hiyo aliyezoea mpini wa feleji, ambao wakuu wa mchezo kule St Andrews waliuruhusu mwaka 1929, hana budi kutuliza mkono na kuungoja ule wa mti. Kwa fimbo za mti Bobby Jones, ambaye hakucheza kwa ujira, alitwaa mataji yote manne makubwa ya mwaka 1930, na hata leo wapo wapenzi wanaozipaka mafuta ya kitani, wakazifunga upya ngozi za mishikio, na kuridhia mpira wao uanguke nyuma ya mipira ya wenzao. Hasara hiyo ya masafa wameichagua kwa hiari na kwa akili, kwani chombo kinachofichua kila kosa ndicho mwalimu, na chombo kinachoyasitiri makosa humwacha mtu na ghururi yake.