Mji wa Pwani, Jasho la Bara

Anayekwenda Bagamoyo kwa njia ya Msata hupita kilomita 64 za lami ambazo wengi wetu huzihesabu kuwa ni adha tu ya safari. Mihogo, vichaka, vijiji na bonde pana la Ruvu vinapita dirishani, na macho ya msafiri yamekwisha kutangulia mbele, kwenye Ngome Kongwe, magofu ya Kaole na milango ya nakshi. Tumezoea kuigawa safari mafungu mawili: mahali penye cha kutazama, na njia ya kufikia hapo. Naona mgawanyo huo unatunyima mengi, na zaidi ya yote unatunyima kuwaona watu.

Kiwangwa ni nchi ya mananasi, na msimu ukifika yanapangwa mafungu mafungu kando ya barabara. Ukishuka garini na kuamkia, mama muuzaji ataitika "Marahaba, mwanangu, karibu nanasi," kisha atachagua moja kwa kulinusa kitako. Analikata kichwa, analisimamisha, analimenya kuanzia juu kwenda chini, halafu anafuata macho ya nanasi kwa mshazari, akiyatoa safu baada ya safu, wala hatazami kisu, kwa maana muda wote huo anakuuliza utokako na kama mvua imenyesha huko. Mkono ule umejifunza miaka mingi. Mbona ustadi wa fundi aliyechonga mlango tunaulipia kiingilio, na huu tunaupita kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa?

Nauliza hivyo kwa sababu Bagamoyo yenyewe imetoka huko tunakopita haraka. Katika karne ya 19 Bagamoyo ndiko ilikoishia njia kuu ya misafara iliyoanzia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, na kupitia Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka kwa miguu miezi kadhaa, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Wengine walifika wamefungwa minyororo, nao ndio waliokuwa bidhaa. Pembe za ndovu na watu ndivyo vilivyoleta fedha zilizojenga nyumba za mawe ya matumbawe tunazozipiga picha leo. Nakshi ya mlango ni nzuri, na sioni haja ya kujizuia kuifurahia. Ila kuifurahia bila kumkumbuka aliyebeba pembe kutoka Unyamwezi ni kula karamu na kumsahau mpishi.

Mjini hapo kuna mnara wa kanisa la kale la misheni ya Wakatoliki, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Watu wanauita Mnara wa Livingstone. Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873. Watumishi wake, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Hakuna aliyewashurutisha. Wangeweza kumzika hapohapo, wakagawana vitu vyake na kutawanyika, na nani angewadai? Badala yake waliichukua maiti kama amana, wakaikabidhi kwa watu wake pamoja na daftari zake. Kwa mafunzo tuliyolelewa nayo, amana ni jambo zito, na sijui mfano wa amana uliobebwa mbali kuliko huo. Alipozikwa Westminster Abbey mwezi Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Mnara unaitwa kwa jina la aliyebebwa. Sisemi ubadilishwe jina. Nasema tu kwamba mzazi anayempeleka mtoto pale amtajie na majina yale mawili.

Hata sanaa inayoutangaza mji huu imekuja kwa barabara. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana huja pale na midundo ya kwao, wakajifunza na ya wenzao. Miongoni mwa waliokipa chuo hicho sifa ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze na marimba, aliyeanza kama mchungaji wa ng'ombe na kuishia kusikilizwa Ulaya na Marekani. Alihamia pwani lakini hakuubadili muziki wake ili ufanane na pwani. Aliendelea kuupiga muziki alioupokea kwa wazee wake, na Bagamoyo ikampa nafasi ya kuupiga. Ukarimu wa namna hiyo, wa mji kumwacha mgeni abaki yeye, unajifunzwa wapi? Pengine mji uliopokea misafara kwa vizazi ulikwisha kuzoea kusikia lugha nyingi uani kwake.

Zawose alifariki mwaka 2003. Ukoo wake umebaki Bagamoyo, na muziki haukukatika. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, nyimbo za Kigogo kutoka mji wa bahari.