Zizi la Kioo

Fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa Uasin Gishu hatuhitaji kufafanuliwa methali hii, kwa sababu fahali tunawajua na zizi tunalijua. Lakini kila mtu huitamka akiwafikiria fahali: ukali wao, pembe zao, kiburi chao. Sijasikia mtu akiuliza zizi lilikuwa na ukubwa gani, ama ni nani aliyewafungia humo wote wawili.

Nauliza kwa sababu ya samaki. Si tilapia wa kukaanga, bana. Nazungumzia wale wa kutazama: gapi, moli, plati, soditeli. Vijana wa mjini wanawapenda kwa sababu bei yao si mbaya, hawafi ovyo, na hawatagi mayai. Jike hubeba mimba kama wiki nne hivi, halafu anazaa vifaranga hai wanaoogelea papo hapo. Muuzaji atakuambia ni samaki wapole, wa kuanzia. Wiki mbili baadaye unakuta jike mmoja amejibanza nyuma ya hita, mkia umechanika, na chakula kikishuka haji.

Gapi dume hana chuki na mtu. Siku nzima anamfuata jike, akimtaka, na asipotakwa anajaribu kwa kuvizia. Soditeli nao madume hupangana kwa vyeo: mkubwa anawafukuza walio chini yake, na wa chini hana pa kwenda isipokuwa pembe ya tangi. Kule Trinidad, kwenye vijito ambako gapi ni wenyeji, Anne Magurran na Benoni Seghers walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba jike anayesumbuliwa hupoteza muda wa kula. Watafiti wengine waliona kwamba majike hukaa zaidi kwenye maji ya kina, waliko samaki wanaowala, huku madume, ambao rangi zao huwauza haraka kwa adui, wakibaki pembeni. Maelezo mojawapo ni kwamba jike anachagua hatari ya kuliwa kuliko usumbufu usioisha. Fikiria hilo kidogo. Ndani ya tangi la lita arobaini kwenye bedsita ya Langas, hata hiyo nafasi ya kuchagua hatari yake hana.

Konrad Lorenz, yule Mwaustria aliyeandika kitabu maarufu kuhusu ukali mwaka wa 1963, alianza na samaki wa matumbawe. Aliona kwamba baharini anayeshindwa hutoroka, mpaka ukivukwa ugomvi umeisha. Ndani ya tangi hakuna mpaka wa kuvuka, kwa hiyo kipigo kinaendelea hadi kifo. Ajabu ni kwamba alimaliza kwa kusema ukali ni msukumo wa ndani, unaojijaza wenyewe ukingoja kutoka. Mimi ningeishia pale kwenye tangi.

Sasa, wafugaji wana dawa zao. Ya kwanza wanayokupa ni hesabu: kila dume mmoja, weka majike wawili au watatu. Inafanya kazi, hakuna ubishi. Lakini angalia inachofanya. Usumbufu haupungui, unagawanywa kwenye miili mingi zaidi ili asife mmoja. Wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao ni wakali kweli kweli, hufanya jambo la aina hiyo: wanajaza tangi makusudi ili mkubwa asiweze kumwandama mmoja. Ni amani, lakini ni amani ya foleni ya matatu saa kumi na mbili jioni, kila mtu amesukumwa kidogo. Naikubali kama huduma ya kwanza. Kuiita haki, hapana.

Dawa ya pili ni kumtoa mkorofi. Watu wanaipenda hii kwa sababu inafanana na haki: mhalifu amepatikana, amehukumiwa, ameenda. Shida ni kwamba kwa soditeli wa namba mbili hupanda cheo, na kesho yake ndiye anayefukuza.

Ya tatu haina hadithi tamu. Panda mimea mingi, ile minene. Weka mawe na mizizi ili samaki wa upande huu asimwone wa upande ule. Nunua tangi refu kuliko lile ulilotaka. Hii ndiyo pekee inayomrudishia mnyonge kitu alichokuwa nacho mtoni: mahali pa kutoonekana. Na ndiyo ya gharama. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, usiku baridi inauma, na hawa ni samaki wa maji ya joto, kwa hiyo kila lita unayoongeza utaipasha kwa tokeni zako.

Kuna atakayesema, si ni samaki tu, na jana ulikula omena. Ni kweli, nilikula. Lakini tangu Lynne Sneddon na wenzake walipochunguza trauti mwaka wa 2003, ni vigumu kusema kwa urahisi kwamba samaki haumii. Na kumla kiumbe ni tofauti na kumpangia nyumba ambamo anakimbizwa miezi sita. Yule wa kwanza maisha yake sikuyatengeneza mimi.

Hapa kwetu hoja ya "ni asili yao" ina historia chungu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Mpaka leo utasikia mtu akisema kabila fulani ati wamezaliwa hivyo. Simfananishi mtu na gapi. Aliyewasha moto alijua anachofanya, na lawama ni yake. Lakini tume hiyo haikuishia kwake. Ilizungumzia ardhi, vijana wasio na kazi, na wanasiasa waliojua kuvitumia hivyo vyote. "Wamezaliwa hivyo" humwachilia mjenzi wa zizi kabla kesi haijaanza.

Kwa mwenye tangi kesi ni rahisi zaidi, kwa sababu mjenzi ni yeye. Ukishindwa na gharama, fuga madume watupu wa gapi, wengi kidogo, ama usifuge. Majike watupu usijidanganye: jike huhifadhi mbegu za dume mwilini na anaweza kuzaa kwa miezi bila kumwona tena. Na ile mimea uliyompandia ajifiche, vifaranga nao watajificha humo, mama asiwale. Utaamka na thelathini. Duka litachukua kumi. Waliobaki usiwapeleke Sosiani. Ziwa Victoria bado linalipia sangara aliyemwagwa humo miaka ya 1950. Wataendelea kukua mle mle ndani, na karibu nusu yao ni madume.