MUNGU ANAULIZA TUMEONA NINI LEO

Masomo: Yeremia 1:11-14, Mwanzo 21:14-19, Yeremia 32:6-15



Swali linalotufikia kutoka Nyabiondo, Pinga na Mubi, na kwa wale waliokimbia kwa njia ya Sake, ni moja: Mungu amesema nini juu ya vita hii, nayo itakwisha lini? Wengine wamepanda mlimani kufunga siku saba wakitafuta ndoto. Wengine wametoa mbuzi kwa mwonaji ili waambiwe kama warudi shambani ao wasirudi. Sisi ni kanisa la manabii, hatuwezi kudharau unabii. Lakini tuangalie manabii wenyewe walianzaje.

Yeremia alipoitwa, Mungu alimuuliza anaona nini. Akajibu kwamba anaona tawi la mlozi. Alipoulizwa tena, aliona chungu kinachochemka. Tawi na chungu, wandugu! Ni vitu vya karibu na mafiga ya mama yeyote. Amosi naye alionyeshwa kikapu cha matunda. Ni kweli kwamba chungu kile kilileta habari mbaya, na kikapu vilevile; mwenye kuangalia kwa uaminifu hapewi utamu kila siku. Lakini neno lilipita katika kitu kilichokuwa mbele ya macho.

Basi sisi tunaona nini?

Mama wa Walikale ana muhogo mchungu. Anauloweka majini siku tatu ao nne, sumu inatoka, kisha anauanika, anautwanga, na jioni watoto wanakula ugali na sombe. Hakuna anayeiona sumu ikitoka. Mama anajua tu kwamba maji yanafanya kazi yake wakati yeye amelala. Na ole wake mwenye haraka: kule Kwango watu waliofupisha siku za kuloweka, kwa njaa ao kwa biashara, walipatwa na konzo, miguu ikapooza. Kule Masisi, kwenye malisho, maziwa yangeharibika kwa siku moja. Wanayagandisha, wanayakamua, wanayatia chumvi, yanakuwa fromaji ambayo inavumilia majuma na barabara yenye matope mpaka Goma.

Sisemi kwamba vita ni kama muhogo. Mtu aliyezika mtoto wake asiambiwe hivyo, na mhubiri anayemwambia hivyo anyamaze. Nasema tu kwamba Mungu ambaye mama anamtumainia usiku, muhogo ukiwa majini, ndiye yule yule anayemwomba akisikia risasi.

Tuangalie na soko. Mwaka 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, huko Walikale, na moto ule ukawaka mpaka Masisi. Wengi wetu tunayo makaburi ya mwaka ule. Lakini masoko yalirudi. Mwanamke wa milimani alileta maharagi na viazi, yule wa porini alileta mawese na ndizi, wakapimiana kopo kwa kopo. Walihitaji chumvi na mafuta, basi. Vita ya 2025 iliteka Masisi-centre mwezi wa kwanza na ikafika Walikale-centre mwezi wa tatu. Soko lilifungwa tena, na njia zilipopitika kidogo, wa kwanza kuonekana walikuwa akina mama wenye vikapu. Mimi naona hiyo ni ishara kubwa kuliko ndoto nyingi nilizosimuliwa.

Tunampenda Simon Kimbangu kwa ajili ya mambo makuu ya mwaka 1921. Kazi ile ya wazi ilidumu miezi michache tu. Kisha ilifuata miaka 30 ya gereza, mpaka alipokufa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Miezi ile tunaisimulia kila mwaka. Na zile asubuhi zaidi ya elfu kumi za gerezani, Mungu hakuwako?

Hajiri naye alikuwa mkimbizi, maji yamekwisha, mtoto amelazwa chini ya kichaka. Andiko halisemi kwamba Mungu alichimba kisima siku ile. Linasema macho yake yalifunguliwa, akakiona.

Ndiyo maana tunaomba kila nyumba, katika sala ya jioni, kila mmoja, hata mtoto, ataje kitu kimoja alichokiona mchana ambacho kimemshika mkono. Kama siku hiyo hakuna, aseme hakuna, na wengine waombe kwa ajili yake.

Na Yeremia, huku jeshi la Babeli limezunguka mji na yeye mwenyewe yu kifungoni, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaweka hati katika chombo cha udongo. Hakulima siku ile. Kwa hiyo kila familia iliyobaki na mbegu za maharagi itoe bakuli moja kwa wale waliokimbia, ili wawe nazo watakaporudi. Mzilete kwa mashemasi kabla ya mvua za mwezi wa tisa, zikiwa kavu, zimechambuliwa, zisizo na wadudu.

Amina.