Mjane Wake Asiondoke Mjini

Ndugu zangu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nawaita leo tumkumbuke baba. Simsemi mkubwa wa serikali. Namsema yule aliyetoka na plau ya ng'ombe mvua za Novemba zilipoanza, akapanda pamba, akapalilia, akabeba bomba la dawa mgongoni juani.

Msimu wa kuuza ulipofika, mlimwona kabla hajaipeleka pamba kwenye mizani ya AMCOS. Ameketi juu ya turubai, mkewe upande wa pili wa lundo, wanachambua kwa vidole: nyeupe huku, yenye madoa kule. Wapo wanaoficha chafu katikati ya gunia. Wapo wanaotia maji na mchanga ili uzito uongezeke. Yeye hakuthubutu. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na Jumatatu alikuwa yule yule. Fedha ya pamba hiyo ikawa ada, ikawa mabati, ikawa sadaka.

Baba huyo akifa tunalia kwelikweli. Tunachinja, tunaimba usiku kucha, na sisi watumishi tunamsifu kaburini mpaka sauti zinakauka. Matanga hayajaisha, ndugu zake wameshaanza kuhesabu ng'ombe zizini. Mama aliyekuwa upande wa pili wa lundo, mbona siku ya kugawa mali hatumwoni?

Mtaniambia ni mila. Naijua. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 linamnyima mjane fungu la urithi iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Riziki yake iwe kutunzwa na watoto. Wajane wawili waliofukuzwa majumbani kwa mila hii ya Kisukuma walifika hadi Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hiyo inabagua, lakini haikuifuta. Wakazidi kudai, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Wajane wa kwetu, wanakwenda kutafuta haki kwa mataifa huku makanisa yetu yamejaa kila wiki! Hili linanichoma, wapendwa, nanyi liwachome.

Fungueni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa sababu hakuzaa mwana wa kiume. Musa hakuwajibu kwa mila ya wazee. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema wapewe. Sikieni basi: jina la marehemu lilishikwa na shamba lililobaki mikononi mwa watu wa nyumba yake. Ukiwaondoa waliokula jasho lake, jiwe la marumaru kaburini litamkumbuka nani?

Wewe baba uliye hai, usingoje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawatambua mwanamke na mwanamume sawasawa. Nenda ofisi ya kijiji, uliza habari za hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mkeo liandikwe pamoja na lako. Andika wosia, mashahidi watie sahihi. Mwite kijana wako mkubwa, mwambie mbele ya mama yake kwamba mji huu ni wa mama.

Na wewe kaka wa marehemu, kikao cha ukoo kitakaa wiki hii au mwaka huu, nawe utakuwamo. Watakapotaja msimamizi wa mirathi wa kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, simama wewe kwanza, kabla wenye sauti kubwa hawajasema, ulitaje jina la shemeji yako. Wakikuzomea, usikae.