Kupenda ni Pamoja na Kukataza

Kila nikimsikia mzazi au mwalimu akisema, "Huyu mtoto ameshindikana," humkumbuka bondia Mike Tyson.

Alikulia Brownsville, mtaa wa kimaskini huko Brooklyn, New York. Alikuwa mtoto mnene, mwenye kitembe, na wenzake walimfanya mnyonge wao. Alichokipenda kuliko vyote ni njiwa. Siku moja kijana mkubwa kwa umri alimnyang'anya njiwa mmoja, akamnyonga shingo Tyson akiona kwa macho yake. Mtoto yule mpole akapandwa na hasira, akarusha ngumi. Siku hiyo aligundua kuwa naye anaweza kupiga, na aliyekuwa akionewa akageuka mwonevu. Alipofikisha miaka 13 alikuwa amekwisha kukamatwa na polisi mara 38.

Alipelekwa shule ya maadilisho iliyokuwa Johnstown. Huko alikuwepo mlezi aliyewahi kupigana ndondi, Bobby Stewart, ambaye alikubali kumfundisha kwa sharti kwamba atulie na asome. Baadaye Stewart akampeleka kwa Cus D'Amato, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekwisha kumfikisha Floyd Patterson kwenye ubingwa wa dunia mwaka 1956.

Mzee yule aliona kijana anayejificha nyuma ya ngumi zake. Alimkaribisha katika nyumba ya Camille Ewald, mjini Catskill, akapata chumba, chakula cha mezani na watu wa kuzungumza nao. Alimfundisha kwamba hofu ni kama moto: ukiutawala unakupikia, ukikushinda unakuunguzia nyumba. Mama yake Tyson alipofariki mwaka 1982, D'Amato akawa mlezi wake kisheria. Alifariki Novemba 1985. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Novemba 1986, Tyson alimwangusha Trevor Berbick katika raundi ya pili, akawa bingwa wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia. Alikuwa na miaka 20.

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, wakatwambia kwamba upendo hushinda. Mimi naona somo lenyewe liko kwenye yale wanayoyaruka.

Mwaka 1982 Teddy Atlas, kocha kijana aliyekuwa akimfundisha Tyson chini ya D'Amato, alimwelekezea bastola. Kwa maelezo ya Atlas, Tyson alikuwa amemshika isivyo adabu binti mdogo wa familia ya kocha huyo. Bastola haikuwa dawa, lakini tazama kilichofuata: Atlas ndiye aliyeondoka, Tyson akabaki mazoezini. Mwaka 1992 mahakama huko Indiana ilimtia hatiani kwa ubakaji, akakaa gerezani miaka mitatu, ingawa hadi leo anakana.

Sisemi jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Kati ya hayo mawili ilipita miaka kumi yenye mengi. Wala sina shaka kwamba D'Amato alimpenda. Lakini mzee alikuwa na ndoto ya ubingwa, na mlezi mwenye ndoto kubwa juu ya mtoto hupata kigugumizi anapotakiwa kumkemea. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika habari hii waliolia zaidi ni wengine, ambao hata majina yao hatuyakumbuki.

Mtoto mkorofi anahitaji mtu wa kumwamini, hilo halina ubishi. Viboko na kufukuzwa shule huyajua tayari. Basi akikuangukia mikononi, mfungulie mlango, mlishe, msifie anapostahili. Na siku akimuumiza mwenzake, mkalishe chini, umweleze ukweli bila kumung'unya maneno, kisha umpeleke akaombe radhi na kubeba adhabu yake, hata kama Jumamosi kuna fainali na yeye ndiye mshambuliaji wako tegemeo.